Vijana wa kikundi wanabeti hela ya marejesho, tufanyeje?

Katibu_Kikundi

Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu ni cha vijana, wengi bodaboda. Tulipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambapo 4 ni fungu la vijana. Hauna riba, lakini marejesho ni ya kikundi kizima, mmoja akikwama tunabanwa wote. Tatizo ni kubeti. Kijiweni kila siku unaonyeshwa picha ya mkeka (tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja) uliotiki, uliochanika, yaani ulioliwa, hauonyeshwi na mtu, na asiyebeti anaonekana muoga. Tumeshawakanya kikaoni, wanaitikia, jioni simu zinatoka.

Naomba mawili: namna ya kuwaonyesha hesabu watu walioishia darasa la saba, na kitu ambacho kikundi kinaweza kukifanya kwa vitendo. Mawaidha tunayapata msikitini na kanisani, hayo yametosha.

Hesabu_Kwanza

Mkuu katibu, anza na mechi moja, mkeka baadaye. Chukua odi tatu za mechi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), mfano nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.40. Gawa 100 kwa kila odi: 47.6, 31.3, 29.4. Jumla inakuja 108.3. Nafasi za mechi haziwezi kuvuka 100, kwa hiyo hiyo 8 na ushee ni ya kampuni, imeshakatwa kabla refa hajapuliza kipenga. Wapigie hesabu wenyewe kwa simu zao, kwa mechi ya usiku huohuo. Ukiwaandikia ubaoni watasema namba umezipanga.

Sasa mkeka. Tuseme mechi 10, kila moja umechagua magoli zaidi ya 2.5 au chini yake, odi 1.85 pande zote, na nafasi ni nusu kwa nusu. Ukizidisha 1.85 mara kumi unapata 469.6, yaani buku linaahidiwa kama 469,600 kabla ya kodi. Inavutia. Lakini nafasi ya zote kumi kutiki ni 1 kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Kwa wastani buku lako linabaki na thamani ya sh 459 pale tu unapobonyeza. Kwenye mechi moja lingebaki na 925. Makato yanazidishana kila unapoongeza timu, ndiyo maana kampuni haioni tabu kutoa bonasi nono kwa mikeka mirefu.

Na hili ndilo linalowamaliza zaidi: "timu moja tu imenichania." Katika mkeka huo, nafasi ya kupatia 9 na kukosa 1 ni 10 kati ya 1,024, mara kumi ya nafasi ya kushinda. Kwa hiyo kijiwe kizima lazima kiwe na watu "waliokosa kidogo". Siyo dalili kwamba unakaribia.

Wa odi ndogo nao wasijidanganye. Timu tano za "uhakika" za odi 1.20 zinatoa jumla 2.49. Hata kampuni ingekuwa haikati kitu, mkeka huo unachanika mara 6 kati ya 10.

Mkeka_Mfupi

Hizo ni hesabu za wanaobahatisha mkuu. Wapo wanaosoma mechi, na huko Telegram kuna watu wanatoa mechi za kupanga, wanapatia mara nne mfululizo.

Hesabu_Kwanza

Kupatia mara nne ni rahisi sana ukiwa na watu 800. Unawaambia 400 "zaidi", 400 "chini". Waliokosa unawaacha, waliopatia unawagawa tena: 200, 100, 50. Hao 50 wameshuhudia kwa macho yao ukipatia mara nne, na ndio unaowauzia ya tano. Mwenye mechi ya kupanga kweli hana sababu ya kukuuzia kwa elfu ishirini.

Wanaosoma mechi kweli wapo, wachache mno, na kampuni nyingi zikishawagundua zinawapunguzia kiwango cha dau.

Kindege, yaani Aviator, mchezo wa simu ambao unatoa hela kabla ndege haijaruka, nacho kina gonjwa lake: kudabo. 1,000 ikiliwa unaweka 2,000, halafu 4,000, na kuendelea. Ukiliwa mara saba umeshatoa 127,000, na ya nane inataka 128,000 ili upate faida ya buku moja. Aviator inatangaza kurudisha asilimia 97, kwa hiyo ukilenga kutoka namba ikifika 2.00 (dau mara mbili) unakosa kidogo zaidi ya nusu ya raundi. Kuliwa saba mfululizo ni kama mara 1 kati ya 100 za kuanza. Kwa mchezo ambao raundi yake mara nyingi haimalizi dakika, hiyo ni leo au kesho.

Dada_Maendeleo

Kaka katibu, hesabu ni nzuri, ila kwa bodaboda angalia saa. Hela inatoka jioni. Hesabu ya siku ya tajiri, mwenye pikipiki, ni 10,000, kijana ana 7,000, na 3,000 iliyopungua anaitafuta kwenye simu. Hapo ndipo pa kuziba.

Kama marejesho ni 60,000 kwa mwezi, kusanyeni 2,000 kila siku mchana, kabla ya saa 10 jioni. Msimsubirie mtu mwisho wa mwezi na 60,000 mfukoni. Ziingie akaunti ya kikundi, sahihi tatu, na mweka hazina asiwe mtu wa mikeka. Tengeni pia mfuko mdogo wa kuziba hesabu: mtu anachukua 3,000 jioni, anairudisha ndani ya siku tatu, bila riba. Asiporudisha hachukui tena mpaka amalize.

Kila mmoja achukue taarifa ya miamala ya miezi mitatu kwenye simu yake. Ajumlishe alizotuma kampuni za kubeti, atoe zilizorudi. Ajisomee mwenyewe. Mkizisoma hadharani wataanza kutumia laini ya rafiki.

Aliyezama aandikie huduma kwa wateja wa kampuni aombe akaunti ifungwe, atunze jibu. BetBlocker ni programu ya bure inayozuia tovuti za kubeti, ila haizuii malipo ya menyu ya simu wala duka la mtaani. Simu msimnyang'anye, ndiyo inayomletea abiria. Na deni lake mkilibeba, mlipeni anayedai moja kwa moja, asishike taslimu.

Akianza kuuza vitu vya ndani, hapati usingizi, au anatamka habari za kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Laini_Mbili

Ongezeni mikopo ya mtandaoni, maana huko ndiko dau linakotoka. Anaomba 50,000, anapokea 40,000, baada ya siku 7 anarudisha 50,000: ni robo nzima ya alichoshika, kwa wiki. Akichelewa wanatumia meseji ndugu na wateja wake. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba ikataja programu 69 zisizo na leseni. Akitishwa, apige picha meseji zote. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume yake inapokea malalamiko.

Katibu_Kikundi

Nimewaelewa, shukrani. Na anayekataa kabisa kutoa 2,000 ya kila siku?

Dada_Maendeleo

Someni katiba ya kikundi kwanza. Kama haina kifungu cha marejesho ya kila siku, itisheni mkutano, mkiongeze, kila mwanachama asaini muhtasari, nakala mpelekee afisa maendeleo ya jamii wa kata. Asiposaini, mwiteni na mdhamini wake. Msimfukuze kabla hajamaliza sehemu yake, deni litawabakia ninyi.