Mall inakufa mikononi mwa uongozi, lawama wanatupa sisi wapangaji!

Wakuu, leo Jumamosi, tena mwisho wa mwezi, nimefunga fremu saa kumi na moja jioni. Tangu asubuhi nimeuza jozi moja ya viatu vya mtoto. Nimeshindwa kunyamaza.

Nina duka la nguo za watoto kwenye mall moja hapa Dar, mwaka wa sita huu. Tulipoingia, chini kulikuwa na supamaketi kubwa. Mama amefuata mchele na mafuta, mtoto anaona viatu kwenye kioo, anang'ang'ania, wanaingia. Sisi wenye fremu ndogo tunakula kwa watu waliokuja kufuata kitu kingine. Supamaketi ikaondoka. Uongozi ukasema mwingine anaingia mwezi ujao. Huu mwaka wa tatu, pale chini pamezibwa turubai, na kodi haijapungua hata mia.

Msiniambie biashara ni ngumu kwa wote. Mall ya Mlimani City iliondokewa na supamaketi ya Shoprite, akaingia Nakumatt naye akaanguka, duka kubwa la Game nalo likafungasha. Nendeni leo jioni muone watu wanavyopishana! Daladala za Mwenge na Ubungo zinakushusha pale pale, chuo kikuu kiko jirani, kuna benki, sinema, ukumbi wa mikutano. Mmoja akiondoka, watu bado wana la kufuata.

Kwetu je? Ngazi za umeme zimekufa tangu Pasaka, wameweka kiti cha plastiki mbele kuziba njia. Mama mwenye mtoto mgongoni apande kwa miguu hadi kwangu? Kiyoyozi kinazimwa mchana, kwenye joto hili, na hela ya huduma tunalipa kila mwezi. Paking wanatoza hata ukikaa dakika tano. Dada jirani yangu wa vipodozi wateja wake wanampigia simu, "nitolee mzigo barabarani," anatoka mbio na mfuko, duka anamwachia mlinzi.

Kodi ilikuwa kwa dola. Serikali ilipopiga marufuku malipo ya fedha za kigeni 2025, tulishangilia. Wakatuletea mkataba wa shilingi, wamepiga hesabu kwa dola ilipokuwa juu. Dola ikashuka, kodi yetu iko pale pale.

Halafu kwenye kikao meneja anasimama anatuambia hatujitangazi Instagram! Mimi nina vijana wawili wa kuwalipa mshahara. Wenzangu watatu wameshahamia Kariakoo. Wamelipa kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu mbali na kodi, wanabanana, lakini wanauza.

Nimebakiza miezi saba kwenye mkataba, na wameshikilia amana yangu ya miezi mitatu. Aliyewahi kuvunja mkataba wa fremu kwa sababu mwenye jengo hatoi huduma anazolipwa, aniambie alianzia wapi. Barua yangu naipeleka Jumatatu.