Naomba ushauri: hawa viumbe wa Ireland niwaiteje kwa Kiswahili?

Wakuu, shikamooni. Niko Galway, namsimulia binti yangu hadithi za huku kwa Kiswahili. Nimekwama kwa "aos sí", watu wanaokaa ndani ya vilima. Mti wao una miiba na maua meupe ya Mei. Ukisimama peke yake shambani, mkulima analima kuuzunguka, hathubutu kuukata. Wapiga fidla husema baadhi ya nyimbo zao zilisikika zikitoka vilimani.

Nikisema majini, mtoto anakumbuka mbuyu wa bibi yake Bagamoyo (anaogopa kulala). Nikisema mizimu, anauliza nani kafa. Na jina la mji wa Derry, yaani Doire kwa Kiairishi, "msitu wa mialoni", nitafsiri au niache? Mwaloni wenyewe hajaujua. Wenye uzoefu mnafanyaje?