Kilomita 21 za Januari: nitoe nguvu zote au nizifanye zoezi kabla ya 42 za Moshi?

Fundi wa Sinza

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni fundi cherehani, niko Sinza, miaka 38, watoto wawili. Nimejiandikisha 42 za Kilimanjaro Marathon mwisho wa Februari, mara yangu ya kwanza. Wiki sita kabla kuna mbio za kilomita 21 hapa Dar: zinaanzia ufukwe wa Coco, zinapanda Toure Drive hadi Masaki, zinarudi na kuvuka Daraja la Tanzanite, kisha zinageuza. Ada nimeshalipa.

Mwaka jana nilikimbia 21 zangu za kwanza kwa saa 2 na dakika 24. Nilitoka na vijana wenye miwani ya jua (giza halijaisha, wao miwani), kilomita tano za mwanzo nikajiona malkia. Kufika ya 16 mapaja yakawa kama yameshonwa pamoja. Nikatembea, akina mama wa rika la mama yangu wakanipita wanapiga stori.

Safari hii nitoe nguvu zote ili nijue muda wangu, au niende taratibu? Kwenye kikundi chetu cha jogingi wamegawanyika. Na mtu wa 2:24, 42 atazimaliza kwa muda gani?

Bukta Moja

Dada, 21 mara mbili si 42. Mimi nimeishia hapo, nasubiri wanaojua.

Mzee wa Kimara

Mwanangu, mimi nilianza kukimbia enzi ambazo Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, anatajwa redioni. Marathoni ya Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja. New York akaichukua 1989. Ikangaa alipenda kuongoza mapema, na sisi wa rika langu tukaiga kuongoza tukasahau kuiga mazoezi. Nimeharibu mbio nyingi sana kwa ugonjwa huo huo wako wa kilomita tano za mwanzo.

Kwa hiyo hizo 21 usizihesabu kama mbio. Zihesabu kama nusu ya kwanza ya Moshi. Kule 42 zinaanza na barabara kuu, tambarare, watu wamechangamka, miguu ina moto. Mlima wa kuelekea Mweka unakukuta ukiwa umeshakula zaidi ya kilomita 20. Aliyejiona malkia barabarani, Mweka inamvua taji. Zoezi lako la Januari ni moja tu: ufike kilomita ya 16 ukiwa bado una maneno mdomoni.

2:24 ni kama dakika 6 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Anza na 7 na nusu. Utaona aibu, watakupita hadi wenye vitambi. Vumilia. Ukifika 16 ukijisikia vizuri, achia.

Halafu Januari ni kaskazi. Kwenda Masaki upepo utakupiga usoni, utaulaani. Ukigeuza unakuja na wewe mgongoni, na hapo ndipo joto linapokukamata, maana hewa mwilini haipiti tena. Wengi wanazimia upande wa kurudi, si wa kwenda. Kunywa kabla ya kugeuza.

Jambo la mwisho: Daraja la Tanzanite si mlima, hata kama kwenye picha linapendeza. Jumanne njoo vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, panda na kushuka mara sita.

Kijana wa Msasani

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, napingana kidogo. Mtu asiyewahi kujipima anachagua mwendo wa 42 kwa matamanio. Wiki sita zinatosha kabisa kupumzika kutoka 21 za nguvu. Hesabu inayotumika sana ni muda wa 21 mara 2.085. Dada yetu 2:24 inampa saa 5 kamili. Akikimbia 2:15 Januari, inashuka hadi kama 4:41. Hiyo ni taarifa. Ukienda polepole unapata nini zaidi ya medali?

Mzee wa Kimara

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi kwa mtu ambaye miguu yake imeshazoea safari ndefu. Huyu hajawahi kupita 24, sivyo? Na hesabu haina Mweka ndani yake. Mimi ningemwambia ajiandae kwa 5:15 hadi 5:30, akiwahi ni zawadi.

Wewe una kasi, jipime tu. Lakini hata Simbu wetu, marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo Septemba 2025, alisubiri, akampata yule Mjerumani mita za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa 2:09:48, ikaangaliwa picha ya mstari ndiyo tukapata dhahabu.

Fundi wa Sinza

Mzee umejuaje? Refu yangu ni 23. Sasa, nyumbani hadi Coco ni kama kilomita 8. Nikizikimbia kwanza, kisha 21, si nakuwa na 29?

Mzee wa Kimara

Ndiyo zoezi lenyewe. Ila usitoke peke yako usiku. Na chochote utakachokula Moshi, kijaribu siku hiyo ya 21. Kitu kipya usikijaribu Moshi, hata soksi. Maji matupu masaa matano nayo si mazuri, yanapunguza chumvi mwilini. Beba pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji.

Fundi wa Sinza

Nimerudi kutoa ripoti, niliahidi.

Nilitoka nyumbani saa 10 na nusu usiku. Mdogo wangu ana bodaboda, alinifuata nyuma na taa hadi Coco, analalamika mafuta. Mbwa wa Kijitonyama walimfukuza yeye, mimi waliniacha.

Kwenye mstari wa kuanzia nilikuwa nimeshalowa, watu wananiangalia kama nimetoka baharini. Nikaanza na 7:30. Aibu ni kweli. Kuna baba mmoja amebeba simu anajirekodi, kanipita. Kilomita ya 14 nikamkuta ameketi.

Jeli ya nguvu niliyonunua, ile ya wakimbiaji, ilinivuruga tumbo, kilomita mbili nzima nawaza choo. Tende zilikaa vizuri, tatu kila nusu saa, kwa hiyo Moshi ni tende. Meza ya maji ya kilomita ya 15, maji yameisha, vikombe tu vinapeperuka na kaskazi. Waandaaji sitawataja. Nilikuwa na noti ya elfu moja kwenye soksi, imelowa chapachapa, muuza madafu akaishika kwa vidole viwili kama panya. Akanipa dafu lakini.

Kilomita ya 16 nilipita pale pale nilipotembea mwaka jana. Sikusikia chochote kwenye mapaja. Nikaachia. Tano za mwisho nimekimbia kwa 6:40, nimewapita watu juu ya daraja, nimemaliza 21 kwa 2:34. Kijana wa Msasani, hiyo ni polepole kuliko mwaka jana kwa dakika kumi, na nilibaki na nguvu ya kula mihogo nimesimama. Kesho yake nilishuka ngazi bila kushika ukuta.

Kilichoniumiza ni kwapa. Tisheti ya kikundi chetu mshono wake wa pembeni ni mnene, umenichuna hadi damu, na mafuta ya mgando nilipaka mapajani tu. Miaka kumi na tano nashonea watu nguo, ya kwangu sikuiangalia! Leo asubuhi nimeifumua, nimeushona upya umelala, uzi laini. Wenzangu wanne wa kikundi wameshaleta za kwao, elfu mbili mbili.

Mzee, Jumanne nitakuwa Chuo Kikuu saa 12 asubuhi. Tisheti ya njano, mshono uko nje.

Mzee wa Kimara

Nitakuwepo. Na yangu naileta.