Ibada ya kumbukumbu ya mama: watoto wanne, makanisa manne

Binti wa Moshi aliuliza:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tumezaliwa wanne katika nyumba ya Kilutheri, lakini leo kila mmoja anasali kwake: kaka mkubwa amebaki KKKT, kanisa letu la Kilutheri, dada ni Msabato, mimi niliolewa katika Ukatoliki, na mdogo wetu wa mwisho ni mzee wa kanisa la Kipentekoste. Mwezi wa nane tunatimiza mwaka tangu tumzike mama, nasi tunataka kufanya ibada nyumbani, karibu na kaburi lake. Kaka amepanga Jumamosi, pamoja na Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu. Dada anasema siku hiyo hawezi kuinjika sufuria. Mimi kwa utaratibu wa Kanisa langu siwezi kushiriki meza hiyo. Na mdogo wetu hataki kusikia sala yoyote ya kumwombea marehemu. Siku ya mazishi, mchungaji aliposema "tuombe", mdogo wetu alianza kunena kwa lugha kwa sauti kubwa hata wazee wakafumbua macho, na dada akakifunga kitabu chake cha nyimbo na kukitia mkobani kabla ya "amina". Sitaki hayo yajirudie. Je, tunaweza kukutana kama Wakristo bila yeyote kuisaliti dhamiri yake?

Mwalimu Mstaafu alijibu:
Binti yangu, jambo lenu lina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakitafuta namna ya kufanya kazi kwa ushirikiano, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, nao wajumbe wengi wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi, na mzozo huo ukatikisa Kanisa la Uingereza lote. Wengi humsimulia Weston kama mkorofi tu, na mimi nadhani wanamwonea, kwa kuwa mtu anayeamini kwamba meza ile ina masharti yake hawezi kunyamaza. Ila mwaka 1918, mkutano wa pili ulipofanyika pale pale Kikuyu, Weston mwenyewe alihudhuria. Safari hiyo misheni kadhaa ziliunda muungano ambao haukudai meza moja, na kutokana na muungano huo ilizaliwa Alliance High School mwaka 1926. Kwa hiyo mwombeni kaka yenu aiache Meza kwa siku hiyo, aipokee Jumapili usharikani kwake. Nawe peleka nia ya Misa ya kumwombea mama parokiani kwako. Pale kaburini lisomeni Neno na mwimbe zile Tenzi za Rohoni ambazo nyote mlifundishwa na mama.

Msabato wa Mara alijibu:
Naomba nimtetee dada. Yeye hakukataa ibada, amekataa sufuria, na hayo ni mambo mawili tofauti. Sabato kwetu huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama, na Ijumaa ndiyo siku ya maandalio. Chakula kikipikwa Ijumaa mchana, Jumamosi atakaa nanyi tangu asubuhi na kuimba kuliko ninyi nyote. Mkiweza, kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, pia kisiwepo, maana nawajua watu wa Moshi.

Mjoli alijibu:
Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mnafunika kombe mwanaharamu apite. Mdogo wako anaamini kwamba baada ya kifo hakuna ombi linalobadilisha hali ya mtu. Hilo si suala la ladha kama chakula, na Paulo katika Warumi 14 alizungumzia vyakula na siku, hakuzungumzia kila fundisho. Mwacheni aseme wazi kwamba hapo hakubaliani nanyi. Lakini naye aambiwe, na ikiwezekana aambiwe na Mpentekoste mwenzake, kwamba 1 Wakorintho 14 inataka mwenye kunena kwa lugha anyamaze kanisani pasipo mfasiri. Pale kaburini mfasiri hakuwepo.

Binti wa Moshi alijibu:
Asanteni sana. Nimempigia dada nikamwuliza kama shida ni ibada au ni sufuria, akacheka hadi nikaacha kumwuliza. Ijumaa atafika mapema ili tupike pamoja. Kaka amekubali kuiacha Meza, ingawa amenuna kidogo, na Misa nitaiombea parokiani kwangu siku nyingine. Mdogo wetu nimemtumia maneno ya Mjoli jinsi yalivyo. Ameyasoma tangu jana jioni, na bado hajajibu.