Je, kujuana na watu ni ujira wa kumtosha mhitimu aliye kwenye mafunzo ya kazi?

Ndugu zangu, naomba tujadili kauli ya baadhi ya waajiri wa hapa Dar es Salaam, kwamba mhitimu anayepokelewa ofisini kwa mafunzo hana haja ya kulipwa kwa kuwa anapata uzoefu na kujuana na watu watakaomfaa baadaye. Kwa maoni yangu, kauli hiyo haina mashiko kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa humo, yakiwemo kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi, au kufanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sasa mtazameni binti anayetoka Kimara kwa mwendokasi, akasaini daftari la mahudhurio Posta saa mbili kamili, akaandaa ankara za wateja hadi jioni, na akichelewa anatakiwa kuandika barua ya kujieleza. (Barua ya kujieleza, kwa mtu asiye na mshahara!) Saa hizo 45 anazimaliza ndani ya wiki moja.

Mwenye ofisi ndogo, Sinza: Wakili, kifungu umekisoma sawasawa, ila dhana hiyo inaweza kukanushwa. Mwanafunzi aliyeletwa na chuo kwa ajili ya fildi yupo kujifunza. Tukilazimishwa kumlipa kila anayebisha hodi, sisi wadogo tutafunga milango, na atakayebaki nje ni yule asiye na mjomba mahali popote, ambaye kwake kutambulishwa kwa wateja wawili watatu ni mtaji.

Mtoa hoja: Mzee wangu, mwanafunzi wa fildi simgusi, maana chuo chake kinamfuatilia. Nazungumzia mhitimu aliyeziba nafasi ya karani aliyeondoka. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaweza kuamuru alipwe ujira anaodai, lakini sijui ni nani atakayeamuru atambulishwe kwa mteja. Ofisi isiyo na uwezo wa kumlipa impe mtu wa kumfundisha, na zile ankara aziandae anayelipwa.