Narisiti kwa kusoma peke yangu, naona hata kufikiri kwangu kumebadilika. Naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, narisiti PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) kidato cha sita. Mchana nauza duka la shangazi hapa Mbeya, usiku kuanzia saa tatu napiga msuli chumbani peke yangu. Mwanzoni nilipapenda sana. Hakuna kelele, hakuna wa kunicheka, naenda kwa mwendo wangu.

Wiki iliyopita binamu yangu wa kidato cha nne alifungua daftari langu. Nimeandika kwa wino mwekundu, tena nikapigia mistari miwili, kwamba jiwe likirushwa juu, likifika kileleni mchapuko wake, yaani kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde, ni sifuri. Akaniuliza, "Sasa kaka, kama ni sifuri, nini kinalirudisha chini?" Nikakosa jibu. Kinachokuwa sifuri pale ni mwendokasi. Mchapuko wa mvutano wa dunia uko palepale, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Hiyo mada naipitia tangu mwezi wa tisa, na kila nikiipitia najiambia hii naijua.

Kosa lenyewe haliniumizi sana. Kinachoniumiza ni kwamba siku hizi sijiulizi "kwa nini". Nikikwama nafungua majibu, nasema nimeelewa, nasonga. Na mtu akinihoji napandisha hasira, zamani sikuwa hivi. Mliosoma kwa kujitegemea mliwezaje? Niache duka nitafute tuisheni?

Mwalimu wa Hesabu
Pole kijana wangu, na huyo binamu mshukuru. Ukisoma peke yako, akili iliyokosea ndiyo hiyohiyo inayosahihisha. Itaonaje?

Kuna kisa huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wanafunzi wengi weusi walikuwa wanaanguka hesabu za kalkulasi, wakati wenzao wa asili ya Kichina wanafanya vizuri. Walimu walidhani ni uvivu, umaskini au msingi mbovu. Treisman akafuatana nao, 20 wa kundi hili na 20 wa lile, akaangalia wanavyosoma. Weusi walikuwa wanajituma kwelikweli, lakini kila mtu kivyake. Kazi ya shule huku, urafiki kule. Wachina nao walianza peke yao, kisha jioni wanakutana, wanalinganisha majibu, wanabishana, wanaulizana maswali ya mitihani ya nyuma. Alipowaanzishia weusi vikundi na kuwapa maswali magumu hasa, matokeo yao yakapanda sana. Kwa hiyo duka usiache. Tafuta mtu mmoja tu wa kubishana naye.

Mama Wawili
Mwalimu namheshimu, ila vikundi vingine ni vijiwe, mnaondoka mmemaliza habari za mpira. Mimi nilifanya QT, ule mtihani wa maarifa wa waliosoma nje ya shule, nikiwa na mtoto mgongoni, peke yangu, na upweke ule ndio ulionifundisha kukaa na swali moja saa nzima bila kukimbia. Mdogo wangu, wewe tatizo lako ni kusoma kwa kurudia macho. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima hili: waliorudia kusoma walijiamini zaidi, lakini baada ya wiki waliofunika na kujikumbusha ndio waliokumbuka mengi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika. Utakapokwama ndipo usipopajua. Majibu yafungie kwenye kabati la shangazi hadi asubuhi.

Kijana wa Uyole
Mkuu, shangazi mwenyewe mweleze hiyo fizikia kwa Kiswahili chepesi. Asipoelewa, rudi kwenye kitabu. Mimi nilikuwa namweleza muuza mkaa jirani yetu, na umeme niliuelewa pale.

Aliyeanzisha uzi
Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Binamu amekubali tukutane kila Jumamosi jioni. Na jana wakati tunafunga duka nilimweleza shangazi habari ya jiwe, nikamchorea kwenye boksi la sabuni. Akatulia kidogo, akatazama nje, akauliza, "Sasa mwanangu, kama dunia inavuta kila kitu, mbona mwezi hauanguki?" Nimelala saa nane nikichora. Majibu bado anayo yeye kabatini, na funguo sijamwomba.