Yankees na Red Sox: utani bado upo, au ulizikwa 2004?

Wakuu, naanzisha. Niko Hartford, Connecticut, tangu 1999, katikati ya New York, kwao Yankees, na Boston, kwao Red Sox, timu mbili za besiboli. Kazini kwetu enzi hizo ukivaa kofia ya timu isiyotakiwa hupewi hata sukari ya chai. Simba na Yanga mtupu. Sasa hivi watu wanarushiana maneno dakika mbili, kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Nasema hivi: Red Sox wenyewe waliua utani, kwa kushinda. Utamu wote ulikuwa kwenye kidonda. Walichukua ubingwa 1918, wakamuuza nyota wao Babe Ruth kwa Yankees, wakakaa miaka 86 bila kombe huku jirani akijaza kabati. 1978 Bucky Dent wa Yankees, mpigaji dhaifu kabisa, akaupitisha mpira juu ya ule ukuta mrefu wa Fenway Park, uwanja wa Red Sox, wakatolewa. 2003 akaja Aaron Boone, naye wa Yankees, akapiga mpira nje ya uwanja awamu ya 11 (za kawaida ni tisa), msiba uleule. Halafu 2004, mtoano wa kushinda mechi nne dhidi ya Yankees: Red Sox wako nyuma mechi 3-0, mechi ya tatu wamechapwa 19-8 nyumbani, ya nne wako nyuma awamu ya tisa na mrushaji ni Mariano Rivera, mfungaji mechi hatari wa Yankees. Dave Roberts wa Red Sox akaiba besi ya pili, yaani akaikimbilia kabla mpira haujapigwa, na uwanja mzima ulijua ataiba! Wakashinda nne mfululizo. Sasa wanadaiana nini tena?

— Mkuu, kidonda kimehama tu. Sisi wa Yankees tuna makombe 27, wao 9, lakini ile 2004 haijatutoka. Hakuna timu nyingine ya ligi kuu ya besiboli iliyoongoza 3-0 kwenye mtoano ikatolewa. Ni sisi peke yetu.

— Mnaacha muuaji halisi: ratiba. Tangu 2023 wanakutana mara 13 kwa msimu, zamani 19. Mtani usiyemwona utamtania saa ngapi?

— Kaka wa Hartford, Oktoba 2025 ulikuwa umelala? Mechi ya mwisho ya kutoana, Yankees wanampa mpira Cam Schlittler, kijana wa Walpole, hapo hapo jirani na Boston. Awamu nane, Red Sox hawakupata hata pointi moja, wapigaji wao 12 wakatolewa kwa kukosa mpira. Mtoto wa nyumbani! Shemeji yangu wa Boston alizima televisheni awamu ya nne, Yankees walipopata pointi zao nne. Mpaka leo ukitaja Walpole anauliza habari za mvua.

— Sawa, la Walpole nalipokea. Lakini huyo shemeji kofia anavaa bado?

— Anavaa. Mpaka kanisani.